Ile Sindano Unamutumia Florentine

Clémence, fundi wa kushona
Nyuma ya soko kubwa
Butembo, Nord-Kivu
Siku ya mbili, tarehe 14 mwezi wa kumi 2025

Mudogo wangu mupendwa Zacharie,

Yezu asifiwe. Habari ya huko Guangzhou? Uko muzima? Falonne na batoto banaamuka salama? Ile kikohozi ya mutoto mudogo ilishaisha, ao ingali inamusumbua asubuhi? Umuambie Falonne asimufunike sana, mutoto anatoka jasho kisha baridi inamukamata. Hiyo ni kazi ya shangazi kusema, ata akiwa mbali.

Sisi huku tuko paka wazima, tunashukuru Nyamuhanga, Mungu wetu, ata kama uzima yenyewe siku hizi iko ya kulazimisha. Mama anakusalimia sana. Anakula bundu yake ya muhogo na majani ya sombe, anasali rozari, na kila asubuhi anauliza kama ndege yako ilishatua ku uwanja ya Mavivi. Ulimuambia mwaka jana unakuja, donc kwake bado uko njiani.

Mvua inatupiga kila siku saa tisa. Matope ya mbele ya mulango ya lupango yetu unaijua. Henri alianguka pale na moto yake, ile pikipiki, wiki iliyopita, mais bwana yangu hakuvunjika kitu, ni suruali tu ilipasuka, tena pahali pabaya, na bamama ba jirani balikuwa banaangalia. Niliishona nikicheka, akakasirika kweli.

Utajiuliza juu ya nini yaya yako, dada yako mukubwa, anakuandikia barua sawa vile tuko mu wakati ya tata, zamani za wazee. Ni sababu ku téléphone unanishinda. Nikianza kusema, weye unaanza français yako, études, molécule, pourcentage, na miye ninabaki mudomo wazi. Kisha réseau inakata. Mara ingine ni réseau kweli. Mara ingine, Zacharie, tunajuana. Karatasi haikatiki. Nitapiga picha page kwa page, nikutumie ku WhatsApp, na uisome paka mwisho, tafadhali.

Tangu asubuhi siwezi kutulia. Nikikaa ku machine, uzi unakatika. Nikiamuka, ninazunguka lupango sawa kuku anatafuta pahali pa kutagia. Kuna robe ya mutu hapa, bibi-arusi wa siku ya posho, ile ya sita, na nilishamushonea mukono mumoja mbele nyuma. Nimeifumua, nimeishona tena, kumbe vile vile. Basi nimeacha. Nimekamata kalamu.

Ni habari ya yaya Florentine, mukubwa wetu. Ulishasikia kidogo, mais nakujua, ulisikia ile nusu unaipenda.

Unajua gisi alikuwa. Munene, mwenye sauti, akiingia mu duka unasikia kwanza kicheko. Mais magoti ilikuwa inamutesa. Kupanda ngazi ya depot yake ya bitenge kule Beni ilikuwa kazi ya kupumzika kila hatua, na presha ilikuwa inapanda. Docteur Josaphat wa hospitali alimuambia apunguze mafuta na chumvi, tena atembee. Atembee wapi? Zamani alikuwa anatembea paka ku shamba yetu, barabara ya Mbau, anarudi na ndizi ku kichwa. Sasa, na bale ba panga mu pori, nani anaenda Mbau juu ya afya? Akabaki anazunguka mu lupango yake, akichoka anakaa, akikaa anakula.

Kisha weye ukatuma ile vidéo. Umesimama mbele ya kioo, umevaa suruali yako ya zamani, na mutu wa pili anaweza kuingia mo bila kukusukuma. Tulicheka sana, Mama akaomba tumuonyeshe tena. Florentine peke yake hakucheka. Aliiangalia, akairudisha, akaiangalia tena. Pale pale nilijua.

Ile carton ndogo ikafika na Rébecca, mwenzake wa soko, katikati ya bitenge alikuwa ametoka kununua huko kwenu. Flacons ndogo, vichupa bya kioo, na chini kabisa unga mweupe, kidogo vile, ungefikiri ni chumvi mutu alisahau kufagia. Hukumuficha kitu, hapo ninakushuhudia. Ulimueleza wazi: haijaruhusiwa bado ku inchi yoyote, bale ba laboratoire bangali banaijaribisha ku batu, ata karatasi ya flacon inasema ni ya utafiti tu. Mais, ukasema, mutu mwenye mayele, mwenye akili, hangojei, anatangulia. Ukamufundisha ku vidéo gisi ya kuchanganya na mayi, gisi ya kuvuta mu seringue, gisi ya kufinya ngozi ya tumbo. Kila siku ya Mungu, mara moja ku wiki, kisha misa kuisha, alikuwa anajifungia mu chumba na kujipiga sindano.

Na frigo? Unajua courant ya Beni, umeme inakatika kila saa. Alipeleka ile flacons mu congélateur ya mama mumoja wa samaki, jirani yake ku soko. Dawa ya laboratoire ikalala na samaki thomson, inaganda, inayeyuka, inaganda tena. Alikuuliza kama ni mubaya? Hakukuuliza. Nani angefikiri kuuliza?

Sitakudanganya, mwanzo ilikuwa furaha. Alikuwa anakuja Butembo na robe zake, mi napunguza. Anarudi, napunguza tena. Ile kitenge ya ndege-ndege niliipunguza paka vichwa vya ndege bikapotea mu mishono. Alikuwa anapanda ngazi ya depot akiimba. Ku sherehe ya bamama ba parokia alicheza, Zacharie, yaya wetu mwenye magoti alicheza, paka abbé wa misa akapiga makofi.

Na miye pia nilitamani. Nimezaa, nimekaa ku kiti ya machine miaka yote hii, tumbo langu unalijua. Nilimuomba anibakizie flacon moja tu. Akakataa kabisa! Dada wa damu! Nilimununia wiki nzima. Leo nashukuru ule uchoyo wake.

Siku moja, mwezi wa munane, alikuja nikamupima. Tumbo ilikuwa imeenda, sawa. Mais mabega? Mikono? Mapaja? Mi nashona, mkanda wangu unajua mwili wa dada yangu kuliko kioo yake. Nyama nayo ilikuwa imeenda. Nilimuambia ainue mikono nipime kifua, akashindwa kuishikilia juu, akaomba kiti. Nilimupikia viazi na fretin, tusamaki tudogo, akakula kadogo ka kumupa kuku, akasukuma sahani. Alisema harufu ya mafuta inamugeuza roho. Nywele zilikuwa zinabaki ku kitana. Nilikupigia ile jioni, na ukanijibu ni kawaida, mwili unazoea. Na yeye alikuuliza kama anaweza kupandisha kipimo, ukamuambia bengine banapandisha. Basi akapandisha.

Ku soko ya Beni midomo ikaanza. Huyu amelishwa sumu. Huyu ana ugonjwa wa vidonge bya kila siku. Huyu biashara imemumaliza. Kwetu mutu akiongeza kilo bananyamaza, wanafikiri mambo inaenda, mais akikonda kila mutu anakuwa docteur. Naye hakufungua mudomo. Aliogopa bamama bote ba chorale baje kuomba dawa yake.

Sasa ile siku yenyewe. Alikuwa anamupimia mutu kitenge ku meza yake. Akatapika, akaanguka. Zacharie, weye ni mwana wa huku, sina haja ya kukueleza. Mutu akikonda bila sababu, kisha akatapika na kuanguka mu soko ya Beni, unafikiri batu banamukimbilia? Banamukimbia. Bamama bale bale benye walikula naye asubuhi, balisimama mbali, kitenge ku pua. Sibahukumu. Mi mwenyewe ningesimama mbali, ningelia tu. Alibaki pale chini, peke yake, jua inamupiga, bitenge byake bimemwangukia, na hakuna mukono mumoja ulimugusa paka bale ba combinaison nyeupe ba Ebola bakafika.

Balimuweka kando, peke yake, balimupima. Ebola hapana. Tulishukuru Mungu, Mama akapiga magoti pale pale ku jiko. Mais ugonjwa haukuwa umeenda. Balimuuliza anakunywa dawa gani. Akasema ya presha na paracétamol. Basi bakamutafutia malaria, bakamutafutia typhoïde, siku zinaenda, anatapika ata mate, tumbo inamuuma paka anajikunja.

Nilipanda moto kwenda Beni. Ile barabara, motard hakukubali kusimama ata nikojoe, alisema utakojoa Beni, mama. Nilifika nikiwa na vumbi paka mu masikio. Nilipomuona mu kile kitanda nilitafuta dada yangu, nikapitisha macho, nikarudi. Nilifikiri ni mutu mwengine. Kisha akasema «Clémence, umechafuka hivi unaenda wapi?» na nikaanza kulia na kucheka pamoja.

Nilimuita Docteur Josaphat pembeni, nikamuambia yote. Nikatoa flacon tupu mu sac ya yaya. Florentine aliniangalia toka kitandani sawa nimemuuzisha. Sikujali.

Docteur aligeuza ile kitu mu vidole yake. Aliniuliza ndani muko nini. Nikasema, dawa ya kukonda. Akasema hapana mama, hiyo ni kazi unasema inafanya, mi nauliza muko nini. Ni kipimo gani? Mayi ilitoka wapi? Ilikaa mu baridi kiasi gani? Inaelewana na dawa yake ya presha? Kila swali ilinipiga, nikatafuta tena mu sac kama kuna karatasi. Alisema pancréas, kiungo ya nyuma ya tumbo, imevimba vibaya na figo zilianza kuchoka kwa kukosa mayi. Unajua kitu gani kiliniuma? Hakutukana ile dawa. Alisema labda ni muzuri, labda siku moja itaruhusiwa na yeye mwenyewe ataandikia bagonjwa bake. Mais leo hajui kama ni dawa yenyewe inamuumiza, ao ni uchafu ulikuwa mu flacon, ao ni kipimo. «Ninamutunza sawa ninamuvua mutu mu shimo bila taa,» alisema. Nilimuona mutu mukubwa, na joho yake nyeupe, anajikuna kichwa.

Pale Florentine alipata nguvu kidogo ya kukaa, nilimuuliza: yaya, ulijua haijaruhusiwa, juu ya nini ulijipiga? Nilifikiri atasema magoti. Ao robe.

Aliniambia: «Weye ulishasahau Apollinaire?»

Zacharie, bwana yake! Nani anaweza kusahau Apollinaire? Unakumbuka ule mwaka wa riposte ya Ebola. Unakumbuka ile vaccin nayo haikuwa imeruhusiwa bado, ilikuja sawa essai, ya kujaribisha, na ku soko bakasema bazungu bamepata panya ba bure. Weye ulipiga simu toka huko, unalia, unabaomba banyooshe mukono. Florentine akanyoosha. Apollinaire akasema yeye atangoja kwanza, aone bale benye walitangulia batakuwa namna gani. Akangoja. Tulimuzika tukiwa mbali, bale ba combinaison ndio balishika sanduku, na mujane alisimama nyuma ya kamba bila ata kutupa udongo.

Njo pale mambo inatoka. Si ile vidéo. Yaya wetu alijifunza kitu kimoja mu ule mwaka: bwana yake alingoja, akakufa, yeye alitangulia ku kitu haijaruhusiwa, akabaki. Na ule mwenye alimuambia atangulie ni weye. Tangu pale, Zacharie, neno yako kwake iko juu ya ya docteur, iko juu ya ya abbé, na yangu haifiki ata ku magoti. Pale nilimuonyesha ile maandishi ya flacon, ya utafiti tu, alicheka. Akasema, ata ile ya Ebola ilikuwa ya utafiti.

Ni kweli! Ungenijibu nini weye? Nilirudi Butembo na ile neno mu kichwa, ikanizunguka bila kuniacha, nikishona, nikipika, nikigombana na Henri bure. Jibu ilikuja juzi tu, niko napiga pasi, na nilikasirika namna ilichelewa.

Kumbuka muzuri. Bale ba vaccin balirudi. Walimupiga sindano, kisha balirudi ku lupango. Hodi. Mukono unavimba? Kichwa inauma? Uko na homa? Bakaandika, bakaenda, bakarudi tena. Florentine alibachoka, alikuwa anajificha mu jiko na kumutuma mutu aseme hayuko. Tulibatukana, tulisema banatufuata sawa polisi. Mais balirudi, Zacharie. Balikuwa banajua habajui yote, njo maana balikuwa banarudi kuuliza. Mutu akipata shida, docteur alikuwa anajua alipigwa nini, siku gani, kiasi gani.

Hii yako, nani anarudi? Ule mwenye alikuuzia, anajua Florentine iko na presha? Anajua alitapika mu soko na watu bakamukimbia? Ukimuandikia leo umuambie, atauliza habari yake, ao atakutumia bei mupya? Na weye mwenyewe, ni lini ulipiga simu kuuliza tumbo, figo, usingizi, si kilo tu? Kila mara ni kilo, kilo. Unasema kilo sawa muuza maharagwe.

Usifikiri nakuita mutu mubaya. Nakujua toka uko ku mugongo wangu, nikikubeba nikienda kuchota mayi. Ulitaka magoti ya yaya ipone. Na najua hasira yako, sababu ni yangu pia: kila dawa inaanza kwa batu bengine, inashiba kule, kisha ku mwisho inafika Beni, na sisi tulishazika. Ulitaka kwa mara moja tuwe mbele. Naelewa, vraiment. Mais kuwa mbele peke yako, bila mutu wa kurudi kukuuliza, hiyo ni kupotea tu.

Sasa sikia sababu ya mimi kutotulia. Florentine alitoka hospitali siku ya tano ya wiki iliyopita. Yuko ku nyumba yake Beni, anakunywa uji, amebaki macho na mifupa. Na bado! Anasema atapumzika kidogo, kisha siku ya Mungu inayokuja atarudilia, na kipimo kidogo. Anasema kosa ilikuwa kupandisha, dawa yenyewe iko sawa. Docteur alimukataza mbele yangu, akaitika ndiyo docteur, wasingya, asante docteur, na mu macho yake niliona hajaitika kitu.

Zile flacons zilibaki, alizitosha kwa mama wa samaki na kuzificha. Nilitafuta mbele ya kurudi Butembo. Nilifungua masanduku, nilipanga sufuria chini, nilipima ata mito na mikono. Alikaa ku kiti ananiangalia, anacheka na ile sauti yake mupya, nyembamba. Dada yangu anacheka na mi nalia mu sufuria zake. Tuliachana vibaya.

Na kuna kitu kingine, kinanitisha zaidi. Sasa watu balishajua. Ku soko balisikia haikuwa sumu, haikuwa ugonjwa, ilikuwa ni dawa. Ungefikiri bataogopa, hein? Hapana! Banaomba! Bale bale benye balimuacha mu jua, sasa banakuja kumuangalia na maembe na maziwa, na mbele ya kuuliza hali yake banauliza ile dawa inapatikana wapi. Mumoja wao ana mutoto ku ziwa, ananyonya bado. Rébecca aliniambia bila haya ati umeahidi carton ya pili, kubwa, na batainyanganya mbele haijafunguliwa. Nilimufukuza ku mulango wangu, Mungu anisamehe, ni mukubwa kwangu.

Donc ninakuomba mambo haya, na sijui kuomba na sauti tamu, unanijua. Ile carton, usiitume. Ikiwa iko njiani, umuambie Rébecca airudishe ao aitupe, na umuambie kwa mudomo yako, sababu yangu haimutoshi.

Kisha umupigie Florentine. Weye mwenyewe, si message. Usimuambie apunguze kipimo. Usimuambie umepata muuzaji mwengine, ya safi zaidi. Usimuletee études. Umuambie hujui. Umuambie: yaya, sijui muko nini ndani ya ile flacon, sikujua ile siku nilikutumia, na sijui leo. Najua ni neno nzito kwa mutu wa kusoma, na yeye hajawahi kuisikia mu mudomo yako. Mais ni hiyo tu itamusimamisha. Docteur alisema hajui, hakumusikiliza. Mi nasema sijui, hiyo anaona ni kawaida yangu. Bado weye.

Na weye, uende kwa docteur. Nimeona ile picha ya ubatizo ya mutoto. Falonne anacheka, weye mashavu imeingia ndani, na shati imesimama peke yake. Sikukuambia kitu ile siku. Nakuambia leo. Nakupenda na mwili wako wa zamani, ule wa kuvunja viti vya Mama. Hakuna mutu huku alikuomba uupunguze.

Mama anakutuma baraka zake na anasema usisahau kusali asubuhi mbele ya kuangalia téléphone. Henri anakusalimia, suruali yake inaishi. Salamu nyingi kwa Falonne, umuambie nimemushonea blouse, vipimo nilikisia, asikonde mbele haijafika. Bapigie batoto busu ku paji ya uso, mumoja mumoja, na ubaambie shangazi yao wa Butembo anabajua majina ata kama hajabaona. Nyamuhanga abafunike bote, usiku na mchana, na abarudishe huku na miguu yenu mukiwa bazima.

Ni miye yaya yako, anayekupenda ata pale anakukasirikia,

Clémence

N.B. Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Florentine akapiga. Ni mara ya kwanza tangu tuachane vibaya. Aliuliza Mama, aliuliza mvua, aliuliza robe ya bibi-arusi. Nikamuambia nimekuandikia, na nini. Kisha akasema: «Zacharie akisema niache, nitaacha. Asiposema kitu, nitajua ni sawa.»